Mrushaji Asiyeguswa

Dola ya Pembe ilikuwa na wanyama wa kila namna, mfalme mmoja na mchezo mmoja. Mfalme alikuwa Kifaru. Mchezo uliitwa boga. Katika dola hiyo raia aliweza kushinda njaa asinung'unike, lakini boga likichezwa vibaya, hakulaliki.

Kanuni zake hazikuwa ngumu. Kila timu ilikuwa na mrushaji mmoja. Huyo alilishika boga na kulirusha juu ya vichwa vya wapinzani, wenzake wakalidaka mbele na kukimbia nalo hadi mstari wa mwisho. Kazi ya wapinzani ilikuwa kumfikia mrushaji na kumwangusha kabla hajarusha. Akiangushwa, anajipangusa vumbi, mchezo unaendelea. Ndivyo walivyocheza tangu enzi za mababu, na waliong'oka meno walijivunia mapengo yao.

Mrushaji wa timu ya Ikulu alikuwa Mbega, kijana mwenye manyoya meupe yaliyomwagika mabegani kama joho. Aliporusha boga, hata mashabiki wa upande wa pili walisahau kuzomea. Mfalme alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa, na hakuficha.

Siku moja Ikulu walikutana na timu ya Bondeni. Mlinzi wa Bondeni alikuwa Ngiri, mama wa watoto wengi, mfupi, mpana, asiyejua kukimbia ila kwa kunyooka. Alimvamia Mbega kifuani, wakabiringika pamoja hadi kwenye tope. Mbega akainuka joho lake lote limegeuka kahawia, anacheka.

"Leo umenipata, dada."

"Na bado," akajibu Ngiri.

Lakini jukwaani Mfalme alikuwa amesimama, na Mfalme akisimama, yuko atakayelala pabaya.

Kesho yake Baraza likaitwa. Aliyezungumza wa kwanza ni Waziri Kicheche, ambaye hakuwahi kucheza boga maishani kwa kuwa hakuna aliyekubali kusimama karibu na harufu yake.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "Mbega si mchezaji. Mbega ni mali ya taifa. Je, tunaruhusu mali ya taifa ibiringishwe topeni?"

"Haturuhusu!" Baraza likajibu, kabla halijajua swali linaelekea wapi.

Ikatoka amri kwamba ni marufuku kumgusa mrushaji juu ya kiuno. Wapinzani wakaanza kumshika miguu, nayo miguu ikapigwa marufuku. Kiuno chenyewe kikabaki huru kwa muda, mpaka Kicheche alipokikumbuka. Baadaye ikawa kosa hata kumtupia kivuli, na timu za ugenini zikaanza kuomba mechi zichezwe siku za mawingu.

Sheria ilisema "mrushaji", haikumtaja Mbega. Kwa hiyo Tumbili, mrushaji wa Bondeni, alidhani inamlinda yeye pia. Nyati wawili wa Ikulu wakamlalia mpaka mkono ukavunjika. Akamwendea refa Korongo, mkono umening'inia.

"Mheshimiwa refa, hukuona?"

"Sikuona."

"Ulikuwa hapa hapa!"

"Nilikuwa namwangalia Mbega," alisema Korongo, na hakusema uongo. Ndege huyo alikuwa na makinda nyumbani, na kiota chake kilikuwa juu ya paa la Ikulu.

Basi nchi ikagawanyika. Nungunungu, shabiki wa Ikulu, na Kakakuona, shabiki wa Bondeni, walikuwa wameoleana na wakitumia ua mmoja. Sasa walisalimiana kwa kugombana.

"Shemeji, refa wenu huyo ana upande!"

"Refa hana upande, shemeji. Ninyi hamjui kukaba kwa adabu."

"Kumkaba mtu kwa adabu ndiyo vipi? Tumpigie hodi?"

"Mngeanza na hodi, tungefika mbali."

Nungunungu akasimamisha miiba, Kakakuona akajikunja kama mpira, na maongezi ya familia yakaishia hapo mpaka mechi iliyofuata.

Katika mechi hiyo Ngiri alisimama mbali na Mbega, kama sheria ilivyotaka. Vumbi likamwingia puani. Akapiga chafya. Unyoya mmoja wa joho la Mbega ukatikisika.

Korongo alitazama jukwaani, akamwona Mfalme anainuka, na filimbi ikalia. Jioni ile Ngiri akafungwa jela kwa kosa la kumpulizia mrushaji.

Mbega akaenda kumwona. Aliwakuta watoto wa Ngiri langoni, wamebeba mizizi ya chakula ambayo askari hawakuiruhusu kuingia. Aliwachukulia yeye, akaipitisha kwenye nondo.

"Dada, nisamehe."

"Kwani aliyepiga chafya ni wewe?"

"Uwanjani wananikimbia kama nina ukoma," alisema Mbega. "Nalishika boga, hakuna anayekuja. Narusha, wanapisha. Wiki iliyopita nilisinzia nimelishika, na tukashinda. Huu si mchezo tena. Najiona kama sanamu linalofutwa vumbi."

Ngiri, ambaye hakuwa na nafasi ya kumwonea huruma mtu aliye nje ya nondo, akamjibu kwa hasira, "Basi jiangushe mwenyewe!"

Alisema kwa kumkomoa. Mbega akayachukua maneno hayo kuwa ushauri.

Mechi iliyofuata, mbele ya Mfalme na umati wote, Mbega aliliweka boga chini, akarudi nyuma, akakimbia na kujitupa topeni kifudifudi. Kisha akabiringika. Mashabiki wa Bondeni wakashangilia, wa Ikulu wakapiga kelele: "Rafu! Rafu!"

"Ya nani?" Korongo akauliza.

Baraza likakaa. Kicheche alieleza kuwa sheria ni msumeno: mrushaji ameguswa, ameangushwa, na mkosaji alionekana na wote. Mbega amemshambulia Mbega.

"Basi tumtenganishe na huyo anayemshambulia," Mfalme akaamuru kwa uchungu.

Wakajaribu. Wakamweka Mbega katika chumba cha peke yake, jirani na Ngiri, na askari mlangoni wa kumzuia asijikune.

Ikabaki fainali ya Kombe la Dola, na Ikulu hawakuwa na mrushaji. Hakuna aliyetaka kazi hiyo, maana sasa mrushaji alifungwa hata kwa kujikuna. Mfalme Kifaru akasema, "Nitacheza mwenyewe." Baraza likalia machozi ya furaha.

Akaingia uwanjani boga limechomekwa kwenye pembe. Hakulirusha. Kwa nini alirushe, na hakuna wa kumzuia? Aliinamisha kichwa akatimua mbio. Bondeni wakapisha. Wenzake wakapisha. Alikwenda upande, akauvuka mstari wa pembeni, na mashabiki waliokaa huko wakajirusha huku na huku wasije wakamgusa. Hakuna aliyemwita, kwani kumpigia mrushaji kelele lilikuwa kosa. Korongo alikuwa na filimbi mdomoni, lakini kupuliza kumwelekea mrushaji si ndiko kumpulizia? Mfalme akapotelea nyuma ya kilima, anashinda.

Wakamngoja. Wauza karanga walimaliza karanga. Hatimaye akatua Kunguru, mjumbe wa nchi jirani.

"Kwetu ameingia kifaru," alisema. "Amevunja soko zima, ana boga kwenye pembe, anadai haguswi. Tumemfunga kwenye mti. Je, ni wenu?"

"Rafu!" Kicheche akaruka. "Korongo, puliza! Ameguswa!"

Uwanja wote ukamgeukia refa. Korongo aliangalia paa la Ikulu kwa mbali. Akaangalia jukwaa, na kiti kitupu. Akatembea polepole kwa miguu yake mirefu hadi mstari wa pembeni, akasimama juu yake.

"Mchezaji akivuka hapa," alisema, "ametoka nje. Yaliyompata nje siyapulizii."

Kisha Kakakuona akaanza kuimba, "Ametoka! Ametoka!" na shemeji yake, baada ya kufikiri, akaitikia. Umati ukaimba njia nzima mpaka jela, na askari waliokuwa wakimzuia Mbega asijikune wakafungua milango bila kuombwa.

Fainali ilichezwa upya alasiri ileile. Ngiri alitoka jela amekonda, watoto wake wamemzunguka, Tumbili akampungia kwa mkono uliopona. Mpira wa kwanza tu, yaani boga la kwanza, Ngiri alimchukua Mbega kifuani, wakaenda chini wote wawili. Kila jicho likamgeukia Korongo. Korongo akajikuna shingo.

"Ulichelewa, dada," Mbega alisema akiwa chini, anatafuta pumzi.

Bondeni wakashinda, na umati ukambeba Ngiri begani. Walipomshusha, Kicheche alikuwa tayari ameshafika ubavuni pake, ameinama kwa heshima.

"Mtukufu Ngiri," alinong'ona, "wewe sasa si mchezaji. Wewe ni mali ya taifa. Nimefikiria kidogo juu ya usalama wako."

Ngiri alimtazama. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, na kwato zake zikaanza kuchimba mchanga.