Magauni Yaliyonizidi

Mama aliingia kliniki futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja, nyuzi za kijani zimemganda kwenye sketi. Alipoketi kando yangu aliishika ncha ya ile futi akaanza kuizungusha kidoleni, anaikunja, anaikunjua, kama mtu anayesubiri swali analolijua.

Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Presha yangu ilikuwa imepanda tena, na moyo wangu, ambao tangu utotoni umezoea kukimbia bila kufukuzwa, ulikuwa ukigonga hadi kooni. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye tabia ya kupandisha miwani kwenye paji la uso kisha kuitafuta mezani. Aliniuliza habari za usingizi, za chakula, za mawazo. Nikajibu salama, salama, salama. Ndivyo nilivyo, hata nikikanyagwa nasema salama.

"Unalia?"

"Kidogo."

"Anaoga ili alie," Mama akasema. "Anafungulia maji, anadhani sisikii."

Nikainamia viatu vyangu, au tuseme mahali ambapo viatu vingeonekana kama tumbo lisingeziba.

Daktari akamgeukia. "Na wewe, Mama? Ulikuwaje ulipokuwa na mimba ya huyu? Na baada ya kujifungua?"

Futi ikatulia kidoleni.

Nyumbani kwetu kulikuwa na utani wa siku nyingi. Mama ni fundi anayeweza kumtazama mteja akiingia mlangoni na kujua kiuno chake, na kama mteja amejikaza tumbo, analijua hilo pia. Lakini katika kila picha yangu ya uchanga ninaogelea ndani ya gauni. Vidole havionekani, shingo ya nguo imeteleza hadi begani, uso mdogo unachungulia kama umefunikwa pazia. Shangazi hakuchoka kuzitoa picha zile mbele ya wageni. "Hivi wifi, hili ulimshonea mtoto au ulinishonea mimi?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akainuka kwenda kutazama jiko, hata kama hakuna kilichopikwa. Mimi nilijiambia alitaka nguo zidumu.

"Sikumpima," Mama alisema sasa, akimwambia daktari lakini macho kwenye futi. "Mtoto unampima ukimshika, na mimi sikuweza kumshika. Nilikuwa nakata kitambaa kwa kukisia, nimempa mgongo. Wifi yangu ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyembeba. Na kabla hajazaliwa ilikuwa vilevile. Nashona huku nalia, kitambaa kinaloa, nakianika, naendelea kushona. Watu wakasema ni uchovu. Na mimi nikasema ni uchovu." Akamwinulia daktari macho. "Daktari, niambie ukweli. Moyo wake, ni mimi niliyeuharibu?"

Daktari hakuharakisha. Alisema hali ile ina jina, sonona, na ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Alisema watafiti wameona kwamba sonona ya mama, wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, inaweza kuacha alama kwa mtoto: ubongo ukajifunza mapema mno kukaa chonjo, moyo na presha navyo vikaathirika.

"Inaweza. Sijasema lazima, na kwa huyu hakuna anayeweza kujua kipi kimetoka wapi. Ila hukumharibu mtu, Mama. Uliugua, hakuna aliyekutibu." Akanitazama mimi. "Huyu aliye tumboni bado tunaweza kumsaidia kwa kukutibu wewe. Kwa hiyo nauliza upya. Unalia?"

Neno kidogo lilikuwa tayari mdomoni. Mama akaniwekea mkono gotini, mkono wenye sugu ya mkasi.

"Sema, mwanangu. Usiseme salama kwa ajili yangu."

"Kila siku," nikasema. "Naogopa sitampenda."

Hakuna aliyeshtuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Nilianza kwenda kwa mshauri, na dawa nikapewa, za presha na za ile huzuni. Mama alinisindikiza kila mara, akakaa kwenye benchi la nje akipinda mashati ya watu. Binti yangu alipozaliwa, giza lilikuja kweli, lakini lilitukuta tunalingojea. Kuna siku nilimbeba nikahisi kitu. Kuna siku sikuhisi, nikambeba hivyo hivyo.

Asubuhi moja alikuwa amelala kitandani akirusha miguu, na mimi nimesimama mbali, mikono nimeifumbata. Mama akaingia na kipande cha kitambaa cha njano, futi shingoni. Alikuwa amekwisha kunitazama vizuri kabla hajasema lolote.

"Njoo tumpime. Shika ncha hii, weka hapo begani. Usiogope, havunjiki."

Nikashika. Bega lilikuwa na joto, dogo kama limau. Binti yangu akaikamata ile futi kwa ngumi, akataka kuila. Mama akaichomoa taratibu, akapima, kisha akapima tena bega lile lile, na tena.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kanga za mtoto mkononi. "Wifi, fundi gani anapima bega moja asubuhi nzima?"

"Anakua," Mama akasema bila kuinua macho, akainyoosha futi upya.