Kopo Juu ya Injini

Mke wa dereva wa lori alikuwa amechoka, na si kule kuchoka kwa mdomoni. Miezi mitatu amepima mafuta kwa kijiko cha chai, amechemsha mboga mpaka paka wake akahamia kwa jirani, yote kwa ajili ya kifua cha mumewe kilichombana safarini. Bosi alishasema: bila sahihi ya daktari, usukani haugusi, lori likae limeegeshwa nyumbani. Na leo ndiyo siku ya majibu.

Daktari aliinua kichupa cha damu kilichotoka maabara. Juu, palipotakiwa kuwa na maji ya manjano, palikuwa peupe kama maziwa, kwa mafuta.

"Mzee, si nilikwambia uje bila kula?"

"Sijala, dokta. Nimekunywa tu."

"Umekunywa nini?" mkewe akadakia.

"Mafuta ya ng'ombe. Lakini mazuri!" Dereva akajiweka sawa kitini. "Dokta mwenyewe alisema yanayoganda ni mabaya, yanayobaki maji ni afadhali. Basi kopo langu naliweka juu ya injini. Nikiliwasha lori nusu saa, hayagandi ng'o!"

Mkewe akashika kichwa. Kumbe ndiyo kunguruma kule kwa kila asubuhi! Mtaa mzima unakohoa moshi, kuku wamesahau kutaga, naye anawatuliza majirani: mume wangu anaitunza injini.

"Wewe unabeba mbao," daktari akasema taratibu, kama anayehesabu pumzi zake. "Zilizonyooka zinapangikaje?"

"Zinabanana, hupitishi wembe."

"Na matawi yaliyopinda?"

"Hayo hayakai."

"Basi chembe nyingi za mafuta ya ng'ombe zimenyooka, ndiyo maana yanaganda. Za alizeti zimepinda. Moto wako unazitawanya tu, haujapinda hata moja. Ukizimeza, kolesteroli inapanda vilevile."

Dereva akafikiri. "Na moto ukizidi, hazipindi?"

"Mungu wangu, baba watoto!"

Daktari akachomeka kalamu mfukoni. "Hakuna sahihi. Rudi baada ya miezi mitatu."

"Mama watoto, niombee basi!"

"Nikuombee nini? Nimekula majani kama mbuzi, na kifua kibovu si changu!" Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Wa lori?"

"Ufunguo!"

Akautoa. Mkewe akautumbukiza kwenye mkoba, akatangulia kutoka. Wagonjwa wote kwenye benchi wakamwona dereva wa matairi ishirini na mawili akivutwa nyuma yake kama tela.