Mkalimani Aliyetangulia Maneno

Mkalimani huyu alikuwa amekalimani mikutano mingi ya maendeleo endelevu, hata akaamini hotuba zote zimezaliwa tumbo moja. Mzungumzaji akikohoa tu, yeye keshafika kwenye "hatua za pamoja". Mwenzake kwenye kibanda cha wakalimani, dada mmoja mwenye ulimi wa upupu, akambandika jina la Mganga.

"Mganga, leo unakalimani au unapiga ramli?"

"Dada, haya nayasema hata nikikoroma."

Nyuma ya vioo alikaa kama yuko kwake: viatu kavua, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia mkutano.

Wa mwisho kusema kabla mpango haujapitishwa alikuwa mama mkulima, ambaye wajumbe hawakuijua lugha yake ila kwa kinywa cha Mganga. "Ndugu zangu, mpango huu ni mzuri..." Mganga akadandia: "...nasi tunauunga mkono kwa moyo mkunjufu!" Ukumbi ukalipuka makofi. Kumbe mama alikuwa anaendelea: "...lakini bwawa mnalotaka kujenga litameza mashamba yetu, na hakuna aliyetuuliza. Tunakataa."

Mama akaketi, kapigiwa makofi, anatabasamu. Mwenyekiti akainua nyundo apitishe.

Dada akamtia Mganga kiwiko cha mbavu. "Umeuza mashamba ya watu, wewe!"

Mganga akarukia kipaza sauti. "Samahani, nimekosea! Nilichosema sicho!" Lakini mkalimani akisema "mimi", wasikilizaji humsikia mzungumzaji. Wajumbe wakamgeukia mama kwa huruma, kana kwamba anaomba radhi kwa kufurahi kupita kiasi.

Najiita fundi wa lugha, Mganga akajiambia moyoni. Kumbe kasuku mwenye cheti. Akatoka mbio vilevile na soksi zake, akapaza sauti kwa lugha ya wajumbe: "Mwenyekiti, usigonge! Mwenye kosa ni mimi, huyu wa soksi mbovu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyundo ikabaki hewani.

Akachuchumaa kando ya mama, akamweleza yote. Mama akamkagua toka utosini hadi kidoleni.

"Kwa hiyo yale makofi?"

"Nimekuponza nayo, mama. Hayakuwa ya maneno yako."

"Ndiyo maana! Nilikuwa nashangaa, mabwana hawa wanafurahi hivi kukataliwa?" Akasimama upya. "Haya, mwanangu. Langu kwanza, lako baadaye. Ukinipita, nakuvuta shati mbele ya watu."

"Sawa, mama."

"Tunakataa."

Mganga akahakikisha mama kamaliza kweli. "Tunakataa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akailaza nyundo mezani, akauliza hayo mashamba yako upande gani wa mto.