Makanisa ya Kweli ya Randall Pruitt

Randall Pruitt alikuwa karani wa Kaunti ya Larkin kwa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akisoma sheria hadi ukurasa wa pili. Kazi yenyewe haikuhitaji malaika. Ilikuwa kuandikisha magari, kutunza hati za mashamba na kutoa leseni za ndoa, kile kibali ambacho watu hupewa kabla ya kufungishwa ndoa. Watu wa milima ile ya Kentucky walimpigia kura kwa sababu baba yake alikuwa fundi hodari wa matrekta, na kwa sababu yeye mwenyewe hakukosa mazishi hata mamoja, akawa anawabana wafiwa mikono mpaka vidole viwaume. Aliyefanya kazi ya ofisi ni msaidizi wake, Nadine Fugate, aliyekaa kwenye dirisha lile miaka thelathini na miwili na kuona makarani watatu wakija na kuondoka. Nadine alimwona Randall mtu bure kabisa, na alikuwa na hakika hajakosea.

Mwishoni mwa Juni mahakama ya juu ya nchi iliamua kwamba wanawake wawili au wanaume wawili wanaruhusiwa kufunga ndoa kama watu wengine, katika jimbo lolote. Randall akalia. Alilia kwenye ngazi za jengo la kaunti, mbele ya kamera ya televisheni, na kamera ilipozimwa akauliza kama tai yake ilikuwa imekaa sawa. Nadine alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia kwa masikio yake. Tangu siku ile hata kikohozi cha bosi wake kilimchefua.

Wakili wa kaunti alimwambia Randall wazi kwamba hawezi kumnyima mtu leseni kwa sababu ya jinsia. Randall akaenda kufunga na kuomba siku mbili, huku akinywa maziwa ya aiskrimu kwa mrija, eti hicho si chakula. Alirudi na kanuni. Kila anayetaka leseni ya ndoa alete barua ya mchungaji wa kanisa linalotambulika. Ni kwa watu wote, akasema, kwa hiyo hakuna atakayelalamika kwamba amebaguliwa. Linalotambulika na nani? Na Randall. Akaandika orodha kwenye karatasi ya njano na kuibandika kando ya dirisha, chini ya tangazo la leseni za mbwa.

Ungemwona wiki ile, ungedhani amepewa funguo za peponi na nakala ya akiba. Wamethodisti aliwafuta, akawarudisha, akawafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Wakatoliki aliwaandika kwa penseli. Kanisa lake mwenyewe, lile kubwa la barabara kuu lenye skrini tatu na duka la kahawa ndani, lilikaa namba moja kwa wino mwekundu. Wachungaji wakaanza kupita ofisini kumsalimu, watu wazima na heshima zao, kila mmoja akichungulia karatasi ya njano kwa pembe ya jicho kuona amewekwa wapi.

Nadine alikuwa Mbatisti wa mtindo wa zamani, wa vile vikanisa vidogo vya bondeni ambako wazee hawalipwi mshahara, na mara moja kwa mwaka waumini huoshana miguu kwenye mabeseni ya bati. Wazee wa wazee wake walifungwa jela kule Virginia kwa kuhubiri bila kibali cha serikali. Hadithi hiyo aliisikia nyumbani juu ya maharage na mkate wa mahindi kabla hajajua kusoma, kwa hiyo karatasi ya njano haikuhitaji mtu wa kumfafanulia. Kuhusu wanawake wawili kuoana alikuwa na lake moyoni, na hilo alilipeleka kwa Mungu, hakulileta dirishani. Lakini Randall kukaa pale kwa kura za watu wote, akichambua nani ana kanisa na nani hana kama mtu anayechambua mchele, hilo lilimpandisha kichefuchefu hasa. Akawa anabinua midomo kila Randall anapogeuka, anasonya chinichini, na jioni anamsimulia mumewe, akimwigiza anavyolia, mpaka mzee wa watu anacheka akipaliwa na chai.

Wa kwanza kukutana na kanuni ile walikuwa Imogene Sloane na Bettie Noe. Imogene alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya kaunti kusoma, Randall akiwamo, ingawa kwa huyo asilaumiwe. Bettie aliendesha basi la shule. Walikuwa wameishi nyumba moja kwa miaka thelathini na sita, watu wakijua na kujitia hawajui. Sasa Imogene alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na moyo mbovu, na madaktari walikuwa wamempangia upasuaji mwezi wa Agosti. Ndugu yake wa damu aliyebaki ni mpwa wake mmoja, Dwight, muumini wa lile kanisa la skrini tatu. Dwight alikwishamwambia Bettie kwa upole kabisa kwamba siku hiyo hospitalini watakaa ndugu tu. Bettie alitaka kuwa ndugu kabla ya siku hiyo. Hakuwa na haja nyingine.

Randall hakutoka kuwaona. Alimtuma Nadine akawaambie walete barua, na Nadine akaenda akawaambia. Walipouliza kwa nini, akasema ndiyo kanuni mpya, macho yake yakiwa kwenye mashine ya mihuri.

Wiki mbili baadaye walirudi na barua, imepigwa chapa vizuri na kutiwa muhuri wa lile kanisa dogo la Kianglikana karibu na kiwanda cha mbao. Safari hii Randall alitoka, maana dirishani palikuwa na foleni, na foleni kwake ilikuwa kama waumini. Aliisoma barua, akaiweka chini kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu sana, na unajua," akasema. "Ila aliyeandika hapa ni mwanamke. Mwanamke hawezi kuwa mchungaji, kwa hiyo hii si barua."

"Nani kakwambia? Gavana?"

"Dhamiri yangu."

"Dhamiri yako iache kwako, Randall. Hapa ni pa kaunti. Mimi nalipa kodi hapa toka wewe unajikojolea darasani."

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Randall akawa mwekundu mpaka kwenye ukosi, akasema atawaombea, kisha akamgeukia msaidizi wake. "Dada Nadine, warudishie fomu yao." Nadine akawarudishia. Bettie alimsihi Imogene waende kaunti ya jirani, mwendo wa saa moja na nusu wa kona za milimani, lakini Imogene akasema hatatoroka kwao kama mwizi wa kuku. Kama anaolewa, anaolewa pale alipofundisha. Nadine aliyasikia hayo akampenda yule mama kwa roho yake yote, na jioni mumewe akapata kichekesho kipya.

Kilichomwamsha hasa hakikuwa hicho, na hili linamwaibisha, basi na lisemwe. Ijumaa iliyofuata alikuja Cletus Back, mjane wa miaka sitini na minane anayekaa benchi la nyuma yake kanisani. Alikuja na bibi mmoja mjane mwenzake, wamevaa nguo za Jumapili, wanataka leseni. Barua hawakuwa nayo. Mzee wa kanisa lao alikuwa amekataa kuandika, akisema hajawahi kuiandikia serikali kuhusu roho ya mtu na hataanza leo. Nadine alipeleka shauri ndani. Randall akateremsha kidole kwenye orodha, akafika mwisho, akatikisa kichwa.

"Hao wa kuoshana miguu? Hawana hata tovuti."

Nadine alisimama pale akihisi masikio yanamuunguza. Watu wawili walikuwa wamefukuzwa mara mbili mbele yake, naye alikuwa amepata hadithi za kusimulia. Alipoguswa wa kwake ndipo damu ilipochemka. Aliwaambia Cletus na bibi yake warudi wiki ijayo asubuhi, wasimwambie mtu. Kisha, saa ya chakula cha mchana, akampigia simu Imogene.

Akamwambia waje Jumatatu saa tatu. Randall atakuwa amesafiri, kuna mkutano wa wachungaji mjini Frankfort ambako anapewa ngao ya ushujaa. Msaidizi wa karani anaruhusiwa kusaini kwa jina lake mwenyewe, sheria iko wazi, na yeye atasaini. Imogene alicheka kwenye simu. Akauliza kwa nini wasije leo hii, maana wao wapo nyumbani, na gari lina mafuta.

Nadine akatazama mlango wa ofisi ya ndani. Randall alikuwa humo, anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya kioo cha kabati.

"Jumatatu ni bora, Mwalimu," akasema. "Pasiwe na zogo."

Jumatatu alifika saa moja na nusu. Alichapa leseni mwenyewe, Imogene Ruth Sloane na Bettie Carol Noe, akaweka sahihi yake kubwa na nzima, akagonga muhuri. Kisha akaibandua karatasi ya njano na kuitupa kwenye pipa la taka, akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Juni. Maneno ya kumwambia Randall akirudi alikuwa ameyapanga yote. Alikuwa amepanga hata atakavyowapongeza wale kina mama, na dukani alikuwa amenunua keki.

Saa tatu Bettie aliingia peke yake. Alikuwa amevaa koti la mvua na hakukuwa na mvua. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

Akasema Imogene alianguka jikoni Ijumaa, jua halijazama. Hospitalini Dwight alifika kabla gari la wagonjwa halijazimwa, na wauguzi walipouliza Bettie ni nani, akawaambia ni mpangaji. Wakamtoa. Alikaa kwenye kiti cha nje Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi aliyekuja kumwambia kwamba Imogene amefariki ni mfagiaji. Sasa kampuni ya mazishi inasema mwenye mwili ni Dwight, na mazishi yatakuwa kwenye kanisa la skrini tatu. Mtu wa pale alimhurumia, akamuuliza kama hana karatasi yoyote kutoka kwa karani wa kaunti. Ndiyo maana amekuja.

Nadine alisukuma leseni juu ya meza. Bettie aliisoma polepole, majina yote mawili, mpaka kwenye sahihi.

"Miye sikuwa upande wa Randall kamwe," Nadine akasema. "Uniamini, Bettie. Toka siku ya kwanza nilimdharau yule mtu. Hata kumtazama nilikuwa siwezi."

"Tulijua," Bettie akasema. "Kila akikupa mgongo ulikuwa unambinulia midomo. Imogene alikuwa anacheka njia nzima, ananiambia, yule mama yuko upande wetu, Bettie, subiri tu uone. Na wewe ndiye uliyekuwa unaturudishia fomu. Yeye hata kuzigusa hakuzigusa."

Nyuma ya Bettie kijana mmoja alikuwa ameingia na namba za gari mkononi, akasimama kwenye foleni kwa adabu, akitazama dari.

Bettie aliuliza kama karatasi ile ina kazi yoyote sasa. Nadine, aliyeijua sheria ya ndoa ya jimbo lile kuliko Randall na wachungaji wake wote, alimwambia haina.