Jino la Wifi

Florentine na mke wa mdogo wake, Bertin, hawakuiva chungu kimoja. Bertin alimtoa Liliane katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, Mrundi asiye na ndugu wa kumtetea, na Florentine hakumsamehe hilo hata siku moja.

Asubuhi moja alimkuta aking'oa mihogo katika shamba la marehemu mama yao, hapo Mboko.

"Nani alikuambia ung'oe hapa?"

"Bwana yangu."

"Bwana yako alikuokota chini ya turubai! Hii udongo si ya Burundi."

Liliane akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Florentine; akamtandika ngumi ya mdomo. Jino la mbele likakatika. Florentine mwenyewe alipata kidonda kidogo tu kwenye fundo la kidole, akakinyonya, akarudi nyumbani kifua mbele.

Kesho yake mkono ulivimba. Kisha homa ikapanda, kidole kikakataa kukunjika, usaha ukaanza kutoka, wenye harufu ya kuoza.

"Bamama, yule muntu iko na sumu kwenye meno," akawaambia majirani.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Guy alimuuliza kilichomkata.

"Mwiba ya samaki."

"Mama, nikikosea dawa, batakukata mukono. Ni mwiba, ao ni jino?"

Florentine akatazama ukuta. "Jino. Ya mulozi."

"Hakuna mulozi. Kinywa ya kila muntu iko na mikrobe, vidudu ya magonjwa, hata yako. Ulipopiga, ziliingia mpaka ndani ya fundo."

Akapelekwa hospitali mjini Baraka. Walimpasua, wakaosha kidonda, wakamchoma sindano za dawa.

Siku iliyofuata Liliane akaingia na bugali na sombe ya majani ya muhogo, pengo lake wazi.

"Sikukuhurumia. Bertin ndiye alinituma."

"Weka chini, utoke."

"Kula kwanza. Ukikufa, batasema ni mimi."

Mkono wa kuume ulikuwa umefungwa bendeji. Kula kwa kushoto mbele ya mwanamke huyu kulimuuma Florentine kuliko kile kisu cha daktari. Lakini njaa haina adabu. Akamega tonge. Liliane alisimama mikono kifuani, akimtazama mpaka sahani ikaisha, akaichukua, akaondoka bila kuaga.

Mkono ulipona, kidole kikabaki kimekakamaa. Aliporudi Mboko, alikuta Bertin amegawa shamba katikati kwa safu ya miti, upande mmoja wake, mwingine wa Liliane. Kati ya wanawake hao wawili, hakuna hata mmoja aliyemshukuru.