Bikizee Anataka Shikamoo

Kwa miaka mingi pikapu ya marehemu babu ilikuwa nyumba ya kuku. Ilisimama nyuma ya kitalu cha miche cha shangazi, tairi zimelala chini kama soli zilizochoka, na kuku mmoja mweupe alizoea kutagia kwenye kiti cha dereva. Ukitaka yai, unafungua mlango wa gari. Hakuna aliyeigombania. Baba mdogo, ambaye ukoo mzima unamwita Bosi, alikuwa akipita hapo anacheka.

"Dada, banda lako lina usukani. Huwa unaliendesha kwenda wapi?"

Shangazi aliendelea kujaza udongo kwenye makopo. Shangazi hubishana na watu kwa kufanya kazi.

Msimu mmoja miche ya miembe ilinyauka juu ya mkokoteni kabla ya kufika kwa mteja, na mteja akairudisha. Siku hiyo hiyo shangazi alimtoa kuku kwa heshima zote, akamtengenezea kikapu chenye majani makavu, kisha akamwita fundi.

Fundi alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache na mafuta mengi mikononi. Alifungua boneti, akachungulia, akaifunga tena taratibu kama mtu aliyefungua chumba akakuta mwenzake anavaa.

"Mama Miche," alisema, "huyu si mgonjwa. Huyu ni marehemu."

"Mazishi tutafanya ukishindwa," shangazi akamwambia.

Walianza na breki, maana shangazi alisema gari lisilowaka ni aibu, lakini gari lisilosimama ni msiba. Rejeta ikazibwa matobo. Kabureta ikafunguliwa ikaoshwa kwa petroli juu ya sinia kuukuu la jikoni, vipande vyake vikapangwa kwa mstari ili visipotee. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani nangoja kazi, kwa hiyo nilipewa msasa. Nilisugua kutu mpaka nikawa naota kutu. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imeoza kabisa. Ukikaa hapo unaiona ardhi katikati ya miguu yako. Fundi akachomelea bati jipya, akatandika mpira juu yake.

Siku ilipowaka, ilikohoa moshi mweusi, ikatema manyoya na vijiti kutoka kwenye bomba, kisha ikatulia na kunguruma. Shangazi aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo muda mrefu. Tukaiita Bikizee.

Tangu hapo Bikizee alifanya kazi kila siku kama sisi wengine. Asubuhi nilimpima oili na maji, nikamkanyaga tairi moja moja, tukampakia miche na magunia ya mbolea, tukaondoka. Fundi alikuwa na msemo wake: gari la zamani haliugui ghafla, ni wewe tu hukusikiliza malalamiko yake. Basi tukawa wasikilizaji. Akilia kushoto, ni beringi. Akitoa harufu tamu, ni maji ya rejeta. Akinyamaza kabisa, toka nje usukume.

Ila kulikuwa na kasoro moja. Tundu la ufunguo lilikuwa limelika kiasi kwamba hata mpini wa kijiko cha chai uliweza kumwasha Bikizee. Fundi akaweka kinga dhidi ya wezi: kitufe cha kukanyaga, kile cha magari ya zamani cha kubadilishia taa, akakificha chini ya mpira wa sakafu upande wa abiria. Ukikikanyaga mara moja, umeme unafika kwenye koili. Ukikikanyaga tena, unakatika, na hapo injini itazunguka mpaka betri ichoke lakini haitashika. Tuliokijua tulikuwa watatu: shangazi, fundi na mimi.

Matatizo yalianza Bikizee alipopendeza.

Asubuhi moja Bosi alifika kitaluni na viatu vinavyong'aa, akivuka madimbwi kwa ncha za vidole.

"Habari za hapa," akasema.

Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamtafunia chakula, akampigania na watoto wa jirani. Zamani salamu yake ilikuwa "shikamoo dada." Alipopata kazi ikawa "dada, hujambo." Alipopewa ofisi yenye mlango wake mwenyewe ikawa hii ya "habari za hapa," kama mtu anayeulizia hali ya kituo cha basi.

"Nzuri," shangazi akajibu. "Karibu."

Ikaja habari yenyewe. Mkuu wake wa kazi, mama mmoja mpenzi wa magari ya zamani, alikuwa amemwona Bikizee barabarani na kumsifu mbele ya ofisi nzima. Bosi akasema ni gari lake. Sasa wenzake walikuwa wanalisubiri ofisini asubuhi hiyo walitazame.

"Na tukisema ukweli, dada," aliendelea, akipapasa boneti niliyoisugua mimi, "gari la baba hukaa kwa mtoto wa kiume. Nikilichukua leo, nimelichukua moja kwa moja. Wewe tutakutafutia namna. Siku hizi kuna mikokoteni mizuri sana."

Shangazi alikuwa akimwagilia miche. Aliendelea kuumwagilia mche mmoja ule ule mpaka kopo lake likafurika na udongo ukaanza kutoka. Nilimwelewa. Baba yangu alipofariki, huyu ndiye ndugu pekee aliyembakia, na shangazi angetoa hata paa la nyumba kuliko kugombana naye. Lakini bila Bikizee miche ingerudi kwenye jua la mkokoteni, na wateja wangekwenda kwingine. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akampa.

Bosi akapanda, akazungusha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akarudia. Vile vile.

"Ina nini?"

Shangazi alimtazama fundi, aliyekuwa akisafisha plagi kando ya pipa la maji. Kisha akamtazama mdogo wake, na nikaona kitu kikipita usoni mwake ambacho sikuwahi kukiona hapo kabla. Kama mtoto aliyeona mlango wa kabati la sukari uko wazi.

"Umemwamkia?"

"Nani?"

"Bikizee. Huyu amekuzidi umri, mdogo wangu. Ulizaliwa ukamkuta. Haamki mpaka apewe shikamoo yake."

Bosi akacheka, akatugeukia mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye. Mimi nilitazama ardhi, kama kawaida yangu, kwa hiyo hakuna aliyenishuku.

"Hata mimi siku ya kwanza alinigomea," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Nikadhani kabureta. Kumbe adabu."

"Nyie watu mna wazimu. Mimi na akili zangu nisalimie bati?"

"Akili zako hazihusiki," shangazi akasema. "Ni mdomo tu."

Alijaribu tena. Akafungua boneti akatazama ndani kwa ukali, kama anayesubiri mtu ajieleze. Simu yake ikaita. Ilikuwa ni mkuu wake. Alipoikata, sauti ilikuwa imepungua.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "panda na baba yako mdogo, umwoneshe njia isiyo na mashimo mengi." Akavitazama viatu vyangu kwa muda mrefu kidogo kuliko viatu vinavyostahili kutazamwa.

Nikapanda. Bosi akafunga vioo vyote, akakohoa, akainama kwenye usukani kana kwamba anatafuta kitu.

"Shikamoo," akanong'ona.

Nikakibonyeza kitufe kwa kisigino. Akazungusha ufunguo, Bikizee akaitikia kwa mngurumo mmoja. Bosi aliduwaa. Nje, shangazi alikuwa ameinamia miche na mabega yake yakitikisika.

Bosi aliendesha mpaka kwenye makutano ya barabara. Hapo gia ilimsumbua, akasonya.

"Likizee gani hili. Nikifika nalitoa hizi nyaya zote, natia redio kubwa na viti vya ngozi, nalipaka rangi nyekundu."

Niliitazama ile rangi ya kijani niliyoipaka kwa mikono yangu. Mguu wangu ukafanya ulichofanya. Bikizee akazima katikati ya makutano, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Baba mdogo," nikasema polepole, "nadhani amesikia."

"Shikamoo," akasema haraka. "Shikamoo, shikamoo. Samahani kuhusu rangi."

Nikakanyaga. Tukaondoka.

Ofisini walikuwa wamesimama uani, pengine watu kumi, vikombe vya chai mikononi, na yule mama mkuu wao mbele. Walimzunguka Bikizee, wakapapasa taa zake za duara, wakanusa ndani. Mama mkuu aliuliza aliyemtengeneza ni nani, na Bosi akajibu, "Nimesimamia mwenyewe, unajua, kidogo kidogo." Nilikuwa bado nimekaa mahali pangu. Nilikuwa nimekanyaga tena wakati injini ilipokuwa imezimwa, na sasa nilikaa juu ya ile siri kama kuku mweupe juu ya yai.

"Hebu tusikie sauti yake," mama mkuu akasema.

Bosi akapanda. Vioo vilikuwa vimeshushwa vyote, na watu wameegemea milango pande mbili. Akazungusha. Injini ikazunguka bila kushika. Akazungusha tena. Mtu mmoja nyuma akacheka ndani ya kikombe.

Jasho lilikuwa likimtiririka nyuma ya masikio. Nikamhurumia. Ningeweza kubonyeza tu kwa kisigino, aibu ingeisha, naye angeondoka pale kifua mbele na shangazi angebaki na mkokoteni. Au ningekaa kimya, na baba yangu mdogo, ambaye alinifundisha kuendesha baiskeli, aliamkie gari mbele ya watu wanaomwogopa. Sikutaka hili wala lile. Kisigino changu kilikaa hewani mpaka paja likaanza kutetemeka.

Bosi akatoa simu mfukoni. Ilimponyoka ikaanguka upande wangu, akainama kuitafuta, akakaa huko chini kidogo. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Alishuka, akasimama katikati ya wenzake, akapiga simu na kuweka sauti kubwa.

"Haloo," ikasikika sauti ya shangazi, na nyuma yake maji yakimwagika.

"Shikamoo dada."

Maji yalinyamaza.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, dada. Mdogo wako. Nipo hapa na wenzangu wa kazini. Gari lako limenigomea, na wanataka kulisikia. Nifanyeje?"

Mama mkuu alimtazama Bosi, akaitazama pikapu, akaitazama simu, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Marahaba. Jaribu tena, atawaka."

Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Bosi akapanda, akazungusha ufunguo na Bikizee akanguruma, watu wote uani wakapiga makofi.

"Kumbe ni la dada yako," mama mkuu akasema.

"Ni la dada yangu. Amelitengeneza yeye. Mimi nilikuwa namcheka."

Tulirudi kwa mwendo wa pole. Baada ya makutano, akaniuliza bila kunitazama:

"Mwanangu, kisigino chako kinauma?"

"Hapana, baba mdogo."

"Basi kiweke karibu na mlango."

Nikakisogeza. Masikio yalinichoma. Tulipita maduka, shule, ukuta mrefu wa kiwanda.

"Ulijua tangu lini?" nikauliza hatimaye.

"Simu ilipoanguka. Nikaona mguu mmoja umekaa chini na mwenzake unaning'inia juu ya uvimbe wa mpira kama unasubiri amri."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nivute ule mpira mbele ya watu, niwaoneshe kwamba dada yangu analificha gari lake mwenyewe nisimnyang'anye?" Akakuna kidevu. "Halafu yule mama angeniuliza kwa nini analificha."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi asimame pembeni ya barabara, akalaza paji la uso kwenye usukani. "Samahani kuhusu rangi," alikuwa akirudia. "Mimi. Kwenye makutano. Samahani kuhusu rangi."

Shangazi alikuwa akitusubiri langoni, amebadilisha kanga. Bosi alishuka, akamwamkia tena, safari hii kwa kuinama, akamwekea ufunguo kiganjani na kukikunja kiganja chenyewe kwa mikono yake miwili. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mtoto wa kiume.

"Mrudishe mahali pake basi," shangazi akasema, akimrudishia ufunguo. "Kinyumenyume, pale chini ya kivuli."

Bosi akapanda, akawasha, akatafuta gia ya nyuma. Akasukuma, akavuta, akainua. Gia ililalamika lakini haikuingia. Akatoa kichwa dirishani.

"Dada, hii nayo vipi?"

"Hiyo ina mambo yake."

"Mambo gani? Shikamoo nimeshatoa."

"Shikamoo ni ya kwenda mbele," shangazi akasema. "Ya kurudi nyuma nitakufundisha Jumamosi, ukija kunipakilia mbolea. Leo shuka usukume."

Alitazama viatu vyake vinavyong'aa, akatazama tope. Kisha akavivua, akaviweka juu ya kigunia, akakunja suruali mpaka magotini. Shangazi alipanda, akashika usukani. Mimi na fundi tuliposogea kusaidia, shangazi alitoa mkono dirishani akatuzuia.

"Mwacheni," akasema. "Ana nguvu huyu. Nilimlisha mimi."