Kanyiva Kwenye Sakafu ya Saruji

Kila Alhamisi Nzilani alimbeba binti yake, Kanyiva, mgongoni na kulivuta gari kwa kamba hadi kanisani, kwa sababu uwanja wa nyumbani kwao Kathonzweni ni mchanga mtupu. Lilikuwa gari la kuchezea, la betri, kubwa la kutosha mtoto kuketi ndani. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyewapa alikuwa ameondoa pedali na kuweka kitufe kikubwa kwenye usukani, maana miguu ya Kanyiva haikumtii. Alitakiwa kubonyeza kwa kiganja tu, gari liende. Lakini nyumbani magurudumu yalizama tu. Kanisani kulikuwa na saruji.

Tatizo la kanisani lilikuwa watu. "Bonyeza, Kanyiva. Bonyeza," walimwambia, kina mama wa kwaya, watoto, hata Nzilani mwenyewe. Kanyiva aliwatazama mmoja mmoja, mkono ukabaki pajani. Mama mmoja akasema gari hilo ni la watoto wanaoelewa. Mwingine akamshauri Nzilani aongeze maombi, aachane na plastiki.

Alhamisi moja wakamkuta Kathini tu, mama mzee anayefagia kanisa, akifua mapazia nje. Nzilani alimfunga binti yake mkanda, akaketi kwenye benchi apumzishe kiuno. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Alipozinduka, gari halikuwa mbele yake. Lilikuwa mwisho wa ukumbi, pua imegusa ukuta, na Kanyiva alikuwa akicheka peke yake, kicheko cha tumboni ambacho mama yake hakuwahi kukisikia.

"Mama Kathini, ni wewe umemsukuma?"

"Mimi? Nina sabuni mikononi tangu mwingie."

Nzilani akaligeuza gari, akapiga magoti mbele ya Kanyiva. "Hebu tena, mama."

Kanyiva akainua mkono, akauangusha kwenye kitufe. Gari likanguruma kidogo, likanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha. Akabonyeza tena na tena, kisha akaanza kulia, na akalia mgongoni njia nzima ya kurudi, gari likikwama nyuma yao mchangani.

Jioni mumewe, Mwangangi, alipiga simu kutoka Mtito Andei, anakofanya kazi kwenye kituo cha mafuta.

"Leo ameendesha," Nzilani alimwambia.

"Kweli? Ilikuwaje?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umechoka," Mwangangi akasema.

Nzilani akamwekea Kanyiva simu sikioni.